Gari kwa Jina la Mzwanele

SURA YA KUMI NA MOJA

Nilipofika kwenye kona ya duka la mikate, Mzwanele alikuwa ameshasimama ananingoja, na moyo wangu ukafanya ule upumbavu wake wa siku zote. Mtu nimemzoea, najua mpaka anavyokoroma, lakini nikimwona tu barabarani bado napoteza gia. Gari likazima palepale. Akacheka, akaja mpaka dirishani, akaegemeza viwiko vyake kwenye mlango.

"MaTolo wangu," akasema. Jina la ukoo wangu hulitumia akitaka kunilainisha. "Nani kakuruhusu kupendeza hivi asubuhi yote hii?"

"Nimejifunga kitambaa kichwani na shali mabegani kama bibi kizee, halafu unasema nimependeza."

"Bibi kizee ninayemwoa mimi, unamwonea wivu?"

"Nani ana wivu? Ondoa kiwiko chako, unachafua gari langu."

Akaondoa kiwiko. Lakini hakucheka, na hapo ndipo nilipoona kwamba macho yake hayakulala. Alikuwa amevaa koti la suti na kofia, tayari kwenda kusimama mbele ya wazee wake. Akatazama juu kule barabara inakopandia kwao, akarudisha macho kwangu.

"Phelo, hamia upande ule basi. Niingie nalo mimi."

"Kwa nini?"

"Uani kumejaa watu. Wakikuona wewe ndiye umeshika usukani wataanza maneno kabla hatujaanza sisi. Unaijua Mdantsane."

"Naijua. Ndiyo maana nakuuliza. Leo unasema, au husemi?"

"Nasema."

"Utasema nini? Hebu sema nikusikie."

Akashusha pumzi. "Nitasema hivi: wazee wangu, gari hili ni la Phelokazi. Mimi nimetoa jina tu, anayelilipia ni yeye. Basi. Na nitalisema mlemle zizini, Phelo, wala si jikoni kwa mama. Zizini kwetu mtu hasemi uongo. Mizimu ya kwetu haina mchezo."

Nikamtazama mpaka akaona haya akaangalia chini. Kisha nikahamia upande wa pili, nikapakata boksi la keki mapajani, naye akaingia, akasukuma kiti nyuma kwa sababu ya miguu yake mirefu, akanishika mkono kabla hajawasha. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaufunika kwa mkono wangu mwingine, nikasema moyoni, huyu ni wangu, na leo dunia nzima itajua hivyo.

Wasichana wenzangu, msinicheke. Mapenzi hayana macho, na mimi nilikuwa na sababu ya kumwamini.

Sababu yenyewe ilianzia kwenye yadi ya magari yaliyotumika, kule mjini Monti. Mimi ni mpishi wa keki za harusi. Keki ya harusi haisafiri kwenye kiti cha basi. Ukifika ukumbini, ghorofa ya tatu ya keki imeshukia ya kwanza, na mama wa bi harusi anataka kukumeza. Nikadunduliza pesa ya kianzio, nikamwomba Mzwanele anisindikize tu, basi, nisidanganywe kuhusu injini. Nikachagua Polo nyeupe yenye mkwaruzo mlangoni. Nikaizunguka, nikainamia ndani nikaona viti vya nyuma vinalala chini, keki ya ghorofa nne inaingia bila kuinama. Nilitaka kuibusu.

Kijana wa yadi akaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta. Tabasamu lake likatoweka.

"Dada," akasema, "zinakataa."

"Nini zinakataa?"

"Benki. Zote. Jina lako limechafuka."

Mzwanele alikuwa anajua. Kitanda, jamani. Mgongo ulipomkamata mama yangu nilimchukulia kitanda kizuri kwa mkopo dukani, kisha hoteli niliyokuwa napika ikafungwa, nikashindwa kulipa. Mama alifia juu ya kitanda kile kile. Tangu hapo hakuna anayenikopesha hata kijiko, hata leo ambapo keki zinanilipa vizuri kuliko mshahara wa watu wenye tai.

"Kuna mpango wa watu wa majina kama lako," kijana akaendelea. "Unalikodi kwanza. Ukimaliza linakuwa lako." Akanionyesha hesabu. Kwa hela ile ningenunua gari mbili na ng'ombe wa kuzivuta. Nikainua mkoba wangu. Nililia bila sauti, kwa sababu sikutaka yule kijana anione.

Ndipo Mzwanele akasema, "Andika jina langu."

"Kaka, unaelewa lakini? Huyu dada akishindwa, atakayesakwa ni wewe. Gari ni lako, deni ni lako."

"Nimekwambia andika jina langu, kijana. Huyu namjua mimi, kompyuta yako haimjui."

Basi mtu akikufanyia hivyo, utamwacha? Nilimpenda upya siku ile. Nilimpenda nikaogopa.

Kosa likaja jioni yake. Alilipeleka kwao akawaonyeshe, na kabla hajafungua mdomo mama yake, MaDlomo, alishatoka na ufagio mkononi anapiga vigelegele barabara nzima. "Mwanangu! Mwanangu kanunua gari!" Majirani wakamwagika nje. Mzwanele akaniambia kesho yake huku akicheka kwa aibu, kwamba alishindwa kumkatisha mama yake, kwamba atamwambia polepole. Polepole hiyo ikavuta miezi. Kila mwezi nililipa mimi, kimya kimya, naye kila Jumapili akampeleka mama yake kanisani. Halafu MaDlomo akaloweka mtama wa pombe, akatangaza kwamba gari haliwezi kuendelea kutembea bila kujulishwa kwa wazee waliotangulia. Ndiyo tukafika Jumamosi ile.

Tulipokata kona ya kwao, vigelegele vikatupokea. Mzwanele akapiga honi. Watoto wakakimbia pembeni ya gari wakigonga boneti, na mimi nikajikunja kwenye kiti cha abiria, nikikumbatia boksi langu.

"Karibu, bwana mwenye gari!" akapiga kelele Yonela, mdogo wake, akifungua geti. "Na wifi naye kapewa lifti leo! Shuka wifi, usije ukazoea!"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilimtazama Mzwanele, naye alikuwa anatafuta kitu chini ya kiti.

Jikoni, MaDlomo alikuwa anakoroga sufuria la makande kwa mwiko mrefu kama kasia. Nikamwamkia, nikapiga goti kama inavyompasa anayengoja kuolewa. Akaangalia boksi.

"Keki tena?"

"Ya limau, mama. Najua unaipenda."

"Weka pale. Watoto watakula." Akaendelea kukoroga. Kisha akasema bila kugeuka, "Gari la mwenzio umeliona linavyong'aa? Yonela kaliosha jana mpaka kucha zimemtoka."

"Nimeliona, mama."

"Mungu hamtupi mja wake. Alipokufa baba yake Mzwanele, watu wa mtaa huu walisema hapa pamekwisha. Walikuwa wananipita hapo getini wananisalimia kwa huruma. Leo wanakuja kwa miguu yao kunywa pombe yangu." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Ningekuwa na moyo wa jiwe nisingemhurumia, lakini nilimhurumia. "Nasikia huwa unaliomba gari upelekee keki."

"Huwa napelekea keki, mama. Ndiyo."

"Si vibaya. Lakini kuanzia Jumatatu, baba mkubwa ana kliniki, Yonela ana chuo, mimi nina chama changu cha maziko. Keki zitatafuta njia nyingine."

"Mama, Jumamosi ijayo nina harusi ya kupeleka keki Qonce."

"Kuna mabasi."

Nilikuwa na jibu. Lilinifika mpaka ncha ya ulimi. Nikalirudisha. Nikajisemea, tulia Phelokazi, anasema mwenyewe leo, usimharibie mtu shughuli yake. Nikachukua sahani nikaanza kuzipangusa, ingawa zilikuwa safi.

MaDlomo akaweka mwiko chini, akanigeukia. "Nikwambie kitu, mwanangu, na usinichukie. Mimi sikuchukii. Mikono yako ina kazi, na mwanangu akikaa na wewe ananenepa. Ila hilo jina lako. Mdantsane hakuna siri, nimeshasikia. Mtaoana kwa mali moja, madeni yenu yawe mamoja, kesho watu wa madai watakuja kubisha mlango huu wanataka sofa langu. Baba yake hakumwachia Mzwanele shamba wala nyumba ya kupangisha. Alimwachia jina, basi. Ndilo hilo limemnunulia gari. Sasa wewe unataka nimwache aliweke pamoja na lako?"

"Mama," nikasema, "ngoja kwanza wazee watoke zizini. Wakitoka tutazungumza mimi na wewe, na ukiniambia maneno haya tena nitayapokea."

Akanikazia macho. Nadhani kidogo alishtuka. Lakini nje sauti ikaita kwamba wanaume wanaingia, akavua aproni, akatoka mbio.

Zizi lenyewe ni zizi la mjini: mbao chakavu, bati mbili, ng'ombe hajawahi kulala humo. Lakini zizi ni zizi, ndimo wanamosemeshwa wazee waliotangulia. Wanawake hatuingii. Tukasimama upande wa nyumba, tukachungulia kwenye nafasi za mbao, Yonela kanibana kushoto na MaDlomo yuko mbele yangu. Gari lilikuwa limerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni mwa zizi, buti limeelekea ndani. Wanaume walikuwa wamechuchumaa kwenye duara, ndoo ya pombe ya mtama katikati, chupa ya brandi kando yake.

Baba mkubwa Zolile akasimama. Mzee mwembamba, suruali inaning'inia, lakini akifungua mdomo husikii tena kuku wala redio ya jirani.

"Bhele!" akaita, akitaja majina ya sifa ya ukoo wao. "Khuboni! Dunjane! Wazee wetu, tumekuja. Tumewaletea kitu cha magurudumu. Ninyi mlitembea kwa miguu, mwenye bahati alikuwa na farasi, kwa hiyo mtuvumilie, hata sisi wengine hatujui kinaendeshwaje." Wanaume wakacheka. "Tunaomba mkijue. Kikipita usiku msikishangae. Na anayekaa ndani yake mumlinde." Akageuka. "Mwenye gari asogee."

Mzwanele akasimama. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Sema, mwanangu, wakusikie. Gari hili ni la nani?"

Mzwanele akanyanyua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya wazee, yakatua kwenye mbao zetu. Aliniona. Nawaapia aliniona, kwa sababu uso wake ukalainika vilevile kama kwenye kona ya duka la mikate. Nikamtikisia kichwa. Sema, mpenzi. Sema tu. Nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono miwili, na nilihisi machozi ya furaha yanakuja mapema. Kisha macho yake yakashuka kidogo, yakamwona mama yake mbele yangu, mikono kaikutanisha kidevuni, midomo iko wazi tayari kwa vigelegele.

"Ni langu, baba mkubwa," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Umelipata kwa jasho lako?"

"Kwa jasho langu."

"Hakuna mkono wa mtu mwingine ndani yake? Wazee hawapendi kudanganywa, mwanangu, watakuja kudai."

Ndiyo, walimpa nafasi ya pili. Mtu mwingine hapati hata moja.

"Hakuna, baba mkubwa. Ni mimi peke yangu."

MaDlomo akapasua hewa kwa vigelegele. Yonela akaitikia ndani ya sikio langu mpaka likaziba. Mzee Zolile akachota pombe kwa kopo, akaimwaga juu ya buti, ikateremka juu ya kioo cha nyuma, na wanaume wote wakaitikia kwa pamoja, "Camagu!" wakiomba wazee wapokee. Na mimi nikapiga makofi. Sijui nani alinipigisha. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu mikono ilikuwa imeshainuka na sikujua niipeleke wapi.

Alinikuta nyuma ya nyumba, kwenye tanki la maji ya mvua. Alikuwa ananukia pombe kidogo, ana lile tabasamu la mtoto aliyevunja glasi.

"Phelo."

Nikaendelea kutazama tanki.

"Phelo, nisikilize kwanza. Ulimwona mama? Ulimwona alivyokuwa amesimama?"

"Nilikuwa nyuma yake, Mzwanele. Nilimwona vizuri sana."

"Ana presha yule. Ningemwangusha palepale."

"Kwa hiyo ukaniangusha mimi."

"Hakuna aliyekuangusha! Ni maneno tu ya wazee, Phelo. Pombe inamwagwa, watu wanakula makande, wanarudi makwao. Wewe na mimi tunajua gari ni la nani."

"Kona ya duka la mikate uliniambia zizini mtu hasemi uongo."

Akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Uliniambia au hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Basi uongo ni upi? Wa kule au wa kwenye kona?"

"Wewe hujui," akasema kwa sauti ya chini. "Hujui inavyokuwa. Wenzangu wote niliokwenda nao jandoni wamejenga, wameoa, wana magari. Mimi nakaa kwa mama. Mshahara ukiingia, ada ya Yonela, umeme, chakula, umeisha. Siku ile mama alivyotoka na ufagio anapiga vigelegele... Phelo, hakuna mtu aliyewahi kunipigia vigelegele tangu nitoke jandoni. Niliona vitamu. Nisamehe, niliona vitamu sana."

Hilo lilinichoma kuliko yote, maana lilikuwa la kweli. Nikamshika shavu. Ndiyo, nilimshika shavu, mjinga mimi, hasira zote zile na bado mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Ningekupigia mimi," nikasema. "Siku ile yadini ulivyosema andika jina langu, ningekupigia vigelegele mpaka polisi waje. Hayo ndiyo ya kumwambia mama yako. Mwambie mwanao kamwamini mwanamke ambaye benki zote zimemkataa. Hilo halitoshi kumsifu mwanamume?"

"Na ningesemaje mbele ya wazee, Phelo? Kwamba mke ninayekwenda kumtolea mahari ana jina chafu? Niseme hivyo zizini, wakusikie watu wote?"

Mkono wangu ukashuka.

"Kumbe na wewe," nikasema.

"Na mimi nini?"

"Na wewe unaliona chafu."

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha. Umelisema kama mama yako anavyolisema. Neno lile lile."

"Phelo, tafadhali. Tukioana si litakuwa letu? Langu lako, lako langu. Mwezi ujao wajomba wanakuja kwenu kwa mahari, kila kitu kiko tayari. Tuvumilie tu mpaka pale."

"Litakuwa letu kwa nani? Wazee wenu wameshaambiwa halina mkono wa mtu mwingine. Mama yako ameshapanga zamu za kliniki na chuo. Mimi Jumamosi nipande basi na keki ya ghorofa nne." Sauti yangu ilikuwa inapanda, nikaishusha kwa nguvu. "Sikiliza. Mimi sitaki mambo makubwa. Turudi sasa hivi. Wazee bado wamekaa, pombe bado ipo. Ingia, useme, baba mkubwa nilikosea. Maneno matatu. Ukisema hivyo, Mzwanele, mimi naolewa na wewe leo, bila ng'ombe hata mmoja. Nitalala kwenu humu humu, nitamkorogea mama yako makande mpaka azeeke, na gari apande apendavyo. Sema tu kwamba nipo."

Alinitazama. Kulikuwa na mapenzi machoni mwake, siwezi kumsingizia, yalikuwepo, yalikuwa yamejaa tele. Akapiga hatua moja kuelekea zizini.

"Mzwanele!" MaDlomo akaita kutoka mbele. "Mzwanele, mwanangu! Baba mkubwa anataka azungushwe mtaani, njoo na ufunguo!"

Akageuza kichwa. "Nakuja, mama!"

Alijibu haraka sana, kama mtu aliyeokolewa. Kisha akanirudia, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Tutaongea jioni," akasema. "Nakuahidi. Jioni, mimi na wewe. Nipe ufunguo mara moja."

Ufunguo wangu ulikuwa ndani ya mkoba, alinirudishia mwenyewe baada ya kulisogeza gari zizini. Nikautoa. Ulikuwa na kamba nyekundu niliyoisuka mwenyewe, nikaanza kuifungua, vidole vikakataa, nikauacha na kamba yake. Nikauweka kwenye kiganja chake na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Hakuna jioni," nikasema.

"Usiseme hivyo."

"Hakuna, Mzwanele. Wajomba wako wasije kwetu. Wapumzike."

"Kwa sababu ya gari? Phelo, unaniacha kwa sababu ya gari?"

"Ningekuwa nakuacha kwa sababu ya gari, ningeondoka nalo."

Nikapita pembeni ya nyumba, nikampita Yonela aliyekuwa anakata keki yangu kwa kisu cha nyama, nikapita getini. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nikaanza kushuka barabara kwa viatu vyangu vya sherehe, na kila nyumba kulikuwa na mtu barazani aliyeniona nikipanda na Polo asubuhi na sasa ananiona nikishuka kwa miguu. Wakanisalimia, nami nikawasalimia. Shali lilikuwa linaniteleza, na sikuliweka sawa.

Sikufika mbali nikasikia viatu vinakimbia nyuma yangu.

"Phelo! Phelokazi, simama!"

Nikasimama. Sitawaficha: furaha iliyonipata pale, sijapata kuiona maishani. Nilifumba macho. Amekuja. Amemwacha mama yake na mzee wake wa kuzungushwa, amekuja. Palepale, kabla sijageuka, nilishamsamehe zizi, nikamsamehe jina chafu, nikamsamehe na miezi yote ya kimya. Nilijua kabisa, akisema neno "rudi", hata bila tafadhali, narudi. Nikapangusa uso kwa ncha ya shali ili asione nimelia, nikageuka.

Alikuwa anahema, tai imekwenda pembeni, ufunguo mkononi. Akanishika kiwiko. Akatazama nyuma kama kuna mtu anatusikia, akaniinamia mpaka nikasikia joto la pumzi yake.

"Benki," akanong'ona. "Wanakata tarehe ngapi?"

Sikumwelewa mara moja. Nilimtazama midomo, nikingoja kilichobaki cha sentensi. Hakikuja. Alikuwa ameuliza, alikuwa anangoja jibu, paji la uso limekunjamana kwa wasiwasi. Yule aliyewaambia wazee wake waliokufa na walio hai kwamba gari ni lake peke yake, kwa jasho lake, hakuijua hata siku linapolipiwa. Nilikuwa namtumia pesa mapema, zinaingia kwake, benki wanakata, na yeye hata hakuwahi kuangalia.

Ningeweza kunyamaza. Ningemwacha ahangaike mpaka kompyuta za watu zimwandike yeye vilevile zilivyoniandika mimi. Najua ladha yake. Lakini ni Mzwanele. Nilikuwa bado nampenda, na mtu unayempenda humwombei yale yaliyokupata wewe.

"Ishirini na tano," nikamwambia.

"Ishirini na tano," akarudia, ili asisahau.

"Usingoje siku yenyewe. Ziwepo tangu jana yake. Wakikuta akaunti haina kitu mara moja tu, wanakuchafulia jina, na likichafuka halifuliki."

Akaitikia kwa kichwa. Honi ikalia kule juu, mtoto fulani alikuwa anaichezea. Mzwanele akaachia kiwiko changu.

"Asante, Phelo," akasema.

Basi, alisema asante. Akageuka, akapanda barabara haraka haraka kwenda kumzungusha baba mkubwa, na mimi nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na gauni langu la sherehe, mchana kweupe, nikalia kwa sauti watu wakipita.